Robo Saa ya Kupangusa Vumbi

Katika mji wetu saa hazijawahi kukubaliana. Kengele ya Kuta Tupu, kanisa la Kiprotestanti lililo kilima cha mashariki, hulia robo saa kabla ya kengele ya Wakatoliki iliyo kilima cha magharibi, na kila upande unaapa kwamba wenzao ndio waliokosea. Sisi tuliozaliwa bondeni katikati tulizoea. Kengele ya kwanza ikilia, dunia ya upande mmoja imeanza na ya upande wa pili bado, na kati yake ipo robo saa isiyo ya mtu yeyote. Hakuna kalenda iliyoiandika. Nimeishi humo muda mrefu kuliko nilivyoishi mahali pengine popote. Nikiingia nina miaka saba, mara nina sitini na tatu, mara saba tena, na wala sishangai. Magoti tu ndiyo yanayolalamika.

Mama yangu, Skolastika, alikuwa Mkatoliki. Baba yangu, Elisaria, fundi cherehani, alikuwa mzee wa kanisa huko Kuta Tupu, ambako hata kalenda yenye picha ya ng'ombe haikuruhusiwa kutundikwa ukutani, isije ikamvutia mtu wakati wa sala. Waisraeli walianzia hapo hapo, kwa ndama, walisema. Watu wawili wa namna hii walipendana vipi, sijui. Nimejaribu kuota jinsi ilivyokuwa na kila mara ndoto inanionyesha baba akimpima mama mabega kwa futi ya kitambaa, akisahau namba, akipima upya. Inanitosha.

Ndoa yao ilijadiliwa na wazee wa vilima viwili kwa siku mbili nzima. Watoto waligawanywa kabla hawajazaliwa: wa kwanza magharibi, wa pili mashariki. Ndiyo sababu mimi, Fortunati, nilibatizwa kwa mama, na mdogo wangu Elinaike kwa baba. Kisha mama akaambiwa aahidi mambo matatu kuhusu ile sanamu kubwa ya Bikira Maria iliyosimama upande wa kushoto wa altare ya kanisa lao. Hatapiga magoti mbele yake. Hataibusu. Hatawasha mshumaa miguuni pake. Baba alisema, "Maria ni mwanamke mwema, namheshimu. Lakini plasta ni plasta." Mama akaweka mkono mezani, akaahidi yote matatu, na inasemekana hata hakupepesa macho.

Hakuna mzee aliyefikiria kutaja vumbi.

Sasa sanamu yenyewe imelala chali juu ya godoro katika karakana yangu, macho yake ya buluu yanaitazama dari ya mabati. Mimi ni fundi wa sanamu. Natengeneza vidole, pua, mabawa ya malaika, na mara moja nilimtengenezea punda wa Krismasi masikio mapya yaliyomfanya aonekane sungura. Watu wa Kuta Tupu wananiita mtengeneza miungu, wakinitania, na mimi nawajibu kwamba mtu aliyewahi kumpiga msasa mtakatifu nyuma ya masikio hawezi tena kumwabudu. Kazi yangu imenifundisha kwamba ndani ya sanamu hamna kitu. Namaanisha hamna kitu kabisa: plasta unene wa vidole viwili, chuma cha kushikilia shingo, na baada ya hapo uwazi tupu, unaoingilika kutoka chini kwa mkono. Nimeutia mkono wangu mara nyingi katika uwazi huo na sijawahi kukuta muujiza wala shetani.

Pua imevunjika. Joho limepauka. Na kidole gumba cha mguu wa kushoto, ule mguu unaomkanyaga nyoka, kina shimo. Ni bonde dogo lililolainika, la kutosha kidole gumba cha mwanamke mfupi.

Natia changu. Hakienei vizuri. Nina miaka saba.

Ni Jumapili, na kengele ya mashariki imelia. Baba na Elinaike wamekwisha kuingia kwao, wameketi mbele ya ukuta mweupe usio na kitu. Mimi na mama tumefika kanisani kwetu mapema, bado hamna watu, na mimi nimekaa benchi la pili miguu ikining'inia. Mama anatoa kitambaa cheupe kwenye mkoba. Anapangusa mabenchi. Anapangusa kibao cha namba za nyimbo. Anapanda kigoda na kupangusa taji ya Bikira, paji la uso, mabega, mikunjo ya joho, mmoja mmoja, na kila anachofanya kinafanana na kazi ya mama yeyote anayesafisha kabati la vyombo. Halafu anashuka, anafika miguuni, na hapo anakaa. Hapigi magoti, anachuchumaa. Habusu. Hawashi kitu. Kidole chake gumba kimo ndani ya kitambaa, kinazunguka juu ya kidole cha Bikira polepole, kinazunguka, kinazunguka, midomo imefungwa, macho yapo kwenye kazi.

"Mama, unafanya nini?"

"Napangusa vumbi."

"Lakini limeshatoka."

"Vumbi haliishi, mwanangu."

Kengele ya magharibi inalia. Anakunja kitambaa, anakaa nami benchini, na Misa inaanza. Alifanya hivyo miaka hamsini na mmoja.

Ninauliza, na sijui ninamwuliza nani: kitu kikiguswa kila Jumapili kwa miaka hamsini na mmoja na mkono uleule, kinabaki kitu kilekile? Vilima viwili vimegombana tangu babu zetu juu ya picha. Upande mmoja unasema picha ni dirisha, upande wa pili unasema picha ni ukuta, na wamenukuliana maandiko hadi kurasa zimelegea. Lakini wote wanazungumzia kile kilichoongezwa: rangi, taji, uso uliotengenezwa na binadamu. Shimo hili halikuongezwa. Ni kilichoondoka. Plasta ilitoka kidogo kidogo, chembe kwa chembe, ikaingia kwenye kitambaa, na pale ilipokuwa pakabaki umbo la mama yangu akiwa kimya. Mama alikufa miaka tisa iliyopita. Baba alimfuata baada ya miaka miwili. Nyumba yetu ya bondeni ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na mwarobaini wa uani ukaenda nayo. Nikitaka kujua kwamba sote wanne tuliwahi kukaa chini ya paa moja na kula ugali wa sinia moja, mahali pa kuligusa jambo hilo duniani ni hapa tu, penye ukubwa wa punje ya harage.

Na nimeagizwa nilizibe.

Mama Gaudensia, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alikuja mwenyewe siku ya Jumatatu. Ni mwanamke mkubwa wa sauti na wa moyo. "Fundi, Kupalizwa Mbinguni kumekaribia, wiki haifiki. Askofu anakuja. Wageni wanakuja. Unataka wamkute Mama wa Mungu ana kidole kama kilicholiwa na funza?"

"Mama Gaudensia, lile shimo lina historia yake."

"Historia iandikwe kitabuni, baba. Mguuni tunataka kidole."

Nikadhani angalau upande wa mashariki hautajali, maana kwao sanamu yote ni shimo. Nikakosea. Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe: *Kaka, nakuja Jumamosi mchana. Nasikia unatengeneza ule mguu. Uzibe. Nakuomba.* Nilisoma mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu mji huu upate kengele, vilima viwili vilikuwa vimekubaliana jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kumziba mama yangu.

Leo ni Jumamosi, na amefika. Elinaike ana miaka sitini, suti ya kitenge, na ule mwendo wa baba wa kukanyaga kama anayepima sakafu. Ni mshonaji, kama baba, na ni kiongozi wa maombi huko Kuta Tupu.

"Bwana Yesu asifiwe, kaka."

"Tumsifu Yesu Kristo, mdogo wangu."

Hakuna aliyemjibu mwenzake. Tunasalimiana hivi tangu utotoni. Kila mmoja anangoja itikio lake, halipati, kisha tunakumbatiana. Niliwahi kufikiri kwamba Yesu mwenyewe akitusikia huwa anacheka.

Aliitazama sanamu kwa pembeni, kama mtu anavyomtazama mke mwenza. Akakaa kwenye gunia la plasta, mkoba mapajani.

"Mbona unataka nizibe?" nilimwuliza. "Wewe si ungesema nitwange yote kwa nyundo?"

"Hiyo si kazi yangu. Sanamu ni yao, watajua wenyewe na Mungu wao."

"Mungu wao?"

"Mungu wetu. Usinikamate maneno, Fortunati." Alivuta pumzi. "Wewe ulikuwa upande wa mama. Mimi nilikuwa upande wa baba. Mimi ndiye nilikaa naye benchi moja kila Jumapili. Mchungaji akihubiri juu ya sanamu, watu wote walikuwa wanageuka kumtazama baba, kwa sababu ya mke wake. Wote! Na baba alikuwa anainua kichwa anasema, mke wangu aliahidi, na mke wangu hadanganyi. Nilikuwa namwona shingo yake hapa, mishipa imesimama. Alimtetea maisha yake yote."

"Na mama hakuvunja ahadi."

"Kaka. Nimeliona lile shimo. Siku ya mazishi yake niliingia kwenu, nililiona. Mtu anayepangusa vumbi hatoboi plasta. Yule alikuwa anaomba. Miaka hamsini na mmoja alikuwa anaomba kwa kidole, na baba anasimama mbele ya watu anaapa. Baba yangu alifanywa mjinga." Macho yake yalijaa maji na hakuyafuta. "Lile shimo likibaki, kila nikipita njia ile najua kwamba mama alimdanganya. Nataka kumpenda mama, kaka. Liondoe ili nimpende."

Maneno yake yaliniuma. Kwa maana mimi pia, katika ile robo saa, nilikuwa nimeliogopa jambo hili. Nilimpenda mama kwa ajili ya ujanja wake. Nilijichekea moyoni jinsi alivyowapita wazee wa vilima viwili kwa kitambaa. Lakini ujanja una mtu wa upande wa pili, na mtu huyo alikuwa baba, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka Kuta Tupu, anavua koti, anamwuliza mama, "Misa ilikuwaje?" na kuusikiliza wimbo mzima anaoimbiwa. Alikuwa mtu mzuri. Hakustahili kuchekwa na mwanawe.

Mama, ulikuwa unafanya nini?

Yupo pale, kwenye kona ya karakana, amechuchumaa. Hanijibu. Katika robo saa wafu wanakuja lakini hawaletwi kwa maswali.

"Sawa," nikasema. "Nitaziba."

Kengele ya mashariki ikalia saa sita. Nikamimina maji kwenye bakuli, nikanyunyiza plasta, nikakoroga. Fundi yeyote atakuambia plasta ikishakorogwa haikungoji. Una robo saa, ukizidi hapo imekuwa jiwe. Tena haipakwi kwenye kitu kilicholala, inatiririka; lazima sanamu isimame.

"Nishikie miguu," nikamwambia.

"Mimi?"

"Kuna mtu mwingine humu?"

Elinaike alisimama, akaomba kimoyomoyo, akaikamata sanamu miguuni kwa ncha za vidole kama anayeshika sufuria la moto. Hajawahi kugusa sanamu maishani mwake. "Shika vizuri, utamvunja!" Akashika vizuri. Mimi nikainua mabega. Ilipokuwa nusu ya kusimama, kibao cha kufunika chini, kilichooza misumari, kikaachia, na kutoka katika ule uwazi ambao nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba hauna kitu, kikaanguka kifurushi.

Tuliisimamisha sanamu, kisha tukakaa chini sakafuni, kila mmoja upande wake. Kilikuwa vitambaa. Vyeupe, vimekunjwa vinne vinne, vimefungwa kwa utepe, na vilipofunguliwa vilitoa vumbi jeupe la plasta. Nilivitambua mara moja. Vile vya mama, vilivyochakaa. Hakuvitupa, alivificha ndani ya Bikira mwenyewe, labda sanamu ilipolazwa kwa usafi. Nilikuwa tayari kulia kwa sababu zangu. Lakini Elinaike alikuwa amekichukua kimoja, anakigeuza, na uso wake umebadilika ukawa uso wa mshonaji.

"Hivi vimekunjwa pindo," alisema.

"Ndiyo?"

"Nani anashona pindo kwenye tambara la vumbi?" Alikisogeza dirishani. "Uzi wa buluu. Kaka, angalia. Mshono unarudi nyuma mara tatu. Watu wote wanarudi mara mbili. Mimi mwenyewe baba alinichapa kwa rula nikirudi mara mbili." Sauti yake ilishuka. "Hili ni shati. Hili ni shati lake la kanisani."

Nikachukua cha pili. Kwenye kona kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa benchi la pili, miguu ikining'inia, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa ndani yake. Kifuko kidogo. Kifuko cha kidole gumba, kilichoshonwa kwa mkono, na ndani kimewekwa kitambaa laini cha fulana ili ngozi isichubuke. Kila kitambaa kilikuwa nacho. Tulivipanga sakafuni, kumi na vinne, kuanzia kilichochakaa zaidi. Kwenye vile vya kwanza kifuko kilikuwa chembamba, cha kidole cha msichana. Kisha kikapanuka kidogo. Kisha zaidi. Miaka ile ya mwisho, mama alipovimba vidole kwa baridi yabisi, kifuko kilikuwa kipana hata changu kingeingia, na mshono wa ndani umegeuzwa nje usimkwaruze.

"Alimpima," Elinaike alisema.

Nikapitisha kidole juu ya vifuko, kimoja kimoja.

"Jumamosi," akasema. "Jumamosi jioni alikuwa ananituma kwa jirani kuazima chumvi. Na chumvi ilikuwepo! Nilikuwa naiona kwenye kopo. Namwambia baba, chumvi ipo, anasema nenda tu, mwanangu. Nikirudi anakata uzi kwa meno, anafunga cherehani." Aliweka kiganja kinywani. "Alijua. Tangu mwanzo alijua."

Sasa nisikilizeni, ninyi wa vilima viwili, kwa kuwa nimebakiwa na dakika chache. Baba yangu hakubadili imani. Msije mkamvuta upande wenu, enyi wa magharibi. Alikufa akiamini kwamba plasta ni plasta, na angewaambia hivyo hata leo. Nanyi wa mashariki msimwite mnafiki. Aliposema mke wangu hadanganyi, alisema alichokijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ahadi ilikuwa mambo matatu na mama aliyashika matatu, na la nne walilitunza wawili, mmoja kwa sindano na mmoja kwa kidole, bila kuambiana neno. Plasta ni plasta. Lakini kidole kile kilikuwa cha mke wake, na kilikuwa kinachubuka. Mimi nilidhani shimo lile ni la mama peke yake. Lilikuwa la wote wawili, na nimekaribia kulijaza kwa mkono wangu.

Niligeuka kutazama bakuli. Plasta ilikuwa imeshika. Nikaigonga kwa kisu, ikalia kama kigae.

"Utamwambia nini Mama Gaudensia?" Elinaike aliuliza, akijipangusa pua kwa kitenge.

"Nitamwambia plasta imeisha."

"Mimi sishiriki uongo. Mwambie imeganda. Hiyo ni kweli."

"Nitamwambia imeganda."

"Na pua utengeneze. Pua ni mbaya kweli."

Alibaki amekaa, vitambaa vimemzunguka. Halafu akakichagua kile cha mwisho, chenye kifuko kipana, akaingiza kidole gumba chake. Kilienea. Ana mikono ya mama. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo, labda kwa sababu wazee walikwisha kuamua kwamba yeye ni wa baba. Akasogea kwa magoti, akakumbuka, akainuka, akachuchumaa.

"Simwabudu," alisema bila kunitazama.

"Najua."

"Wala simwombi."

"Najua, mdogo wangu."

Aliinama karibu na mguu ule, akauchunguza kwa muda.

"Kuna vumbi hapa," alisema.

Hapakuwa na vumbi. Nilikuwa nimelitoa lote asubuhi, kwa brashi, kama ninavyofanya kabla ya kuziba chochote.

"Basi lipanguse," nikamwambia.

Nikakaa kwenye gunia la plasta, nina miaka saba, nikisubiri kengele ya magharibi ilie. Siku ile ilichelewa sana.